Mkalimani wa Ukumbi wa Ziwani

Kerosi Ombui hakuwa na adui hata mmoja katika mji wa Homa Bay, na hilo lilimsikitisha. Mwenye adui angalau ana mtu anayemwaza. Yeye walimsalimia wote, Wajaluo kwa lugha yao, Wahindi kwa kile Kiswahili chao cha dukani, kisha wakapita zao. Tangu Ukumbi wa Ziwani ufungwe, hapakuwa na mtu aliyesimama naye kwa muda mrefu kuliko ule wa kununua kiberiti.

Huo ukumbi ulijengwa kabla ya vita na Mhindi mmoja wa pamba, kuta za mawe, paa la mabati mazito, na jukwaa la mbao ambalo ukilikanyaga mtu wa nyuma kabisa anasikia. Humo watoto wa shule waliigiza michezo ya Krismasi, kwaya zikashindana, na siku za kudai uhuru watu walipiga kelele humo mpaka popo wakahama darini. Lakini sifa yake kubwa ilikuwa sinema. Na sinema ya Homa Bay ilikuwa Kerosi.

Nitaeleza. Picha zilikuja zikisema Kiingereza au Kihindi. Waliojaa kwenye mabenchi walikuwa wavuvi kutoka Karungu, vibarua wa kiwanda cha pamba, akina mama wa soko la Rangwe. Wangeelewa nini? Kwa hiyo Kerosi alisimama pembeni ya kitambaa cheupe, fimbo mkononi, akawasemea wale watu wa kwenye picha. Alisema Kiswahili chetu hiki cha bara, akakitia Kijaluo pale panapouma. Mwanamke akilia, Kerosi alilia. Jambazi akitisha, Kerosi alitisha, na mama mmoja aliwahi kumrushia ndizi. Kusema kweli Kihindi hakukijua hata neno. Aliwatazama usoni tu, akasema walichokuwa wakisema, na hakuna aliyelalamika, hata Wahindi wenyewe. Akichelewa kutokea, watu walipiga miguu sakafuni wakiita, "Kerosi, sema! Kerosi, sema!"

Raha hiyo ilimgharimu. Alikuwa ameshuka kutoka milima ya Kisii akiwa kijana wa Kisabato, mkulima na mchuuzi wa mboga, na kanisani ndiko alikojifunzia kazi: mhubiri akisema Kikisii, yeye anageuza kwa Kijaluo, sentensi kwa sentensi. Alipoanza kuonekana sinema, tena Ijumaa jua likiwa limeshatua na Sabato imeshaingia, wazee wa kanisa walimwita wakamwonya. Wakamwonya tena. Kisha wakamfuta, jina lake likasomwa mbele ya watu wote akiwa ameketi palepale.

Mkewe Orpah msimlaumu. Alivumilia kuliko ambavyo ningevumilia mimi. Siku moja alifunga vyombo, akawachukua mabinti, akasema, "Baba Nyamoita, mimi narudi nyumbani kwa watu wangu. Wewe uko na watu wako hapo kwa ukumbi." Hakusema kwa hasira. Kerosi alifikiri atamfuata mvua zikiisha, zikaisha zikaja nyingine, na kila wiki ukumbi ulijaa. Mtu anayepigiwa makofi hivyo hajui kwamba yuko peke yake.

Alijua ziwa lilipopanda. Mvua zile za kabla ya uhuru ziliyaleta maji hadi barabarani, yakaingia ukumbini mpaka mabenchi ya mbele, na yalipotoka waliokota samaki kamongo mzimamzima chini ya jukwaa. Mhindi akaenda Kisumu, akawa wa kwenda. Ukumbi ukaangukia mikononi mwa baraza la wilaya. Kerosi akabaki katika kile chumba cha nyuma kilichokuwa cha kuwekea mapazia, ufunguo wa mlango mkubwa ukining'inia ukutani. Hakuna aliyemwambia ahame, wala hakuna aliyemwambia akae.

Na hapa pananiuma mimi ninayesimulia. Kerosi, aliyefutwa, aliendelea kuishika Sabato. Ijumaa alichemsha viazi vitamu vya siku mbili, akazima moto, na Jumamosi nzima jiko lake halikuona cheche. Alivila vikiwa baridi, ameketi kwenye ngazi ya nyuma, akisikiliza mahubiri yakishuka kutoka kanisani kwenye mteremko wa Asego. Maneno hayakumfikia, ila sauti mbili zilimfikia, ya mhubiri na ya mkalimani, zikipokezana. Mkalimani akikawia, Kerosi alitingisha kichwa na kumaliza sentensi mwenyewe, kwa sauti ya chini, mdomo umejaa kiazi.

Basi miaka michache baada ya uhuru akatokea Mwalimu Helen, mwanamke wa kimo kifupi na hatua ndefu, aliyefundisha nyimbo shuleni. Huyo alitaka ukumbi ufufuliwe. Alizunguka kwa madiwani akiwaeleza habari ya kwaya, michezo, sinema, na vijana wasio na pa kwenda jioni ila kwenye pombe ya busaa. Alikuja pia mlango wa nyuma.

"Mzee Kerosi, tukifungua hii nyumba, wewe ndio wa kwanza kurudi pale mbele. Watu bado wanakuulizia."

"Wananiulizia?"

"Kila mahali napita."

Sijui kama ilikuwa kweli au alikuwa mwungwana. Kerosi aliondoka hapo akafagia ukumbi mzima, akaondoa utando wa buibui, akapaka jukwaa mafuta ya taa kuwafukuza mchwa. Usingizi ukawa mtamu tena. Alijiona amesimama na fimbo yake, na watu wamejaa, na baadaye, nani ajuaye, hata Orpah akisikia kwamba mumewe ni mtu wa watu tena huenda akashuka kumwona.

Lakini palikuwa na shauri la pili. Diwani Wangwe, mzee wa Kikuria kutoka kule mpakani, alitaka paa la ukumbi. Si paa tu. Mabati, mbao, milango na madirisha, vyote ving'olewe vipelekwe kwao, vikajengewe nyumba ya kuzalia akina mama. Baraza halikuwa na uwezo wa kutengeneza huku na kujenga kule. Lilikuwa moja au lingine, na madiwani walikubaliana wakutane humohumo ukumbini, waone wenyewe, na mwananchi anayetaka kusikiliza aje.

Walikuja wengi. Kerosi alipoufungua ule mlango na kuwaona wakiingia, wakitafuta mabenchi yao ya zamani, aliwapisha mmoja mmoja kwa furaha. Mwenyekiti akamwita.

"Omera, ndugu yangu, karani anayetafsiri Kikuria yuko na malaria. Wewe ni Mkisii, si mnasikizana?"

"Tunasikizana. Hizo lugha ni ndugu."

"Basi utatusaidia. Mzee Wangwe hajui Kiswahili ya kuhutubia. Simama tu hapo."

Hapo palikuwa palepale, pembeni ya jukwaa, mbao zikiwa zimelika kwa visigino vyake mwenyewe. Akasimama.

Mwalimu Helen alianza. Kerosi alikuwa amekaa siku nyingi akiwaza jinsi atakavyoyapamba maneno ya mwalimu yule, lakini Helen hakuhitaji mtu. Alisema Kijaluo chake mwenyewe, kilichonyooka, akawachekesha, akaimba hata kipande cha wimbo kuwaonyesha sauti inavyotembea chini ya lile paa. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Madiwani walioingia wamenuna walikunjua nyuso. Mtu yeyote mwenye macho angesema jambo limekwisha, na Kerosi alikuwa na macho. Ilibaki tu mzee Wangwe aseme yake, watu wapige miayo, madiwani wapige kura.

Wangwe akainuka. Alikuwa amevaa koti la jeshi la zamani, na alisema akitazama vidole vyake vya miguu. Aliguna zaidi ya kusema. Alichokisema kwa Kikuria ni hiki tu: "Mke wa mwanangu alishikwa na uchungu. Tulimbeba kwa kitanda. Mvua ilikuwa inanyesha. Kufika Migori alikuwa amekufa, na mtoto. Naomba hayo mabati." Akaketi.

Watu wakamgeukia Kerosi. Na nyuma kabisa, kwenye mabenchi ya wavuvi, mjinga mmoja akapiga miguu sakafuni. Mwingine akafuata. Halafu ukumbi mzima, wakicheka, kama zamani: "Kerosi, sema! Kerosi, sema!"

Angeweza kuyatupa yale maneno. Angeyasema yalivyosemwa, makavu, akitazama chini kama mwenyewe, na hakuna mtu duniani ambaye angemlaumu. Nina hakika alijua. Lakini miaka ilikuwa mingi, na ile sauti ya miguu ilimwingia mwilini ikampanda kichwani. Akamtazama mzee usoni. Akafungua mdomo.

"Mimi ni Wangwe," alisema, na kicheko kikakatika. "Nilikuwa na mkamwana. Mtoto wa watu, mpole, alikuwa ananichemshia maji ya kuoga bila kuambiwa. Uchungu ulimshika asubuhi. Huko kwetu hakuna daktari, hakuna nyumba, kuna njia tu. Tukachukua kitanda chake mwenyewe, kile cha kamba, vijana wanne wakaweka mabegani, mimi nikatembea kando. Mvua ikatukuta. Nikamfunika kwa upande wa hii koti yangu. Wuololo, watu wangu! Alikuwa ameshika hii koti hapa, kwa mkono wa koti, ananivuta, ananiita baba. Tulikuwa tunatembea, ananishika. Tulikuwa tunatembea, ananishika. Tulipoona mto wa Migori nikawaambia vijana tumefika. Na hapo mkono ukaniachilia."

Akainua macho kwenye mabati.

"Ninyi mko na hii paa. Inafunika popo. Mimi naomba inifunikie mama mmoja."

Hapakuwa na makofi. Mama mmoja wa Rangwe alikuwa amejifunika uso kwa leso. Mwenyekiti alikohoa, akatafuta kitambaa, akakosa. Walipoulizwa ni nani wanataka mabati yaende Kuria, mikono iliinuka, hata ya wasio na kura, mpaka Mwalimu Helen naye, akilia waziwazi, akainua wake.

Kerosi ndipo aliposhtuka. Alijikuta amesimama na jasho, amechoka vizuri, ule uchovu wa zamani wa baada ya picha nzuri, na alikuwa bado anafurahi. Furaha ikamtoka polepole alipoelewa alichokifanya. Watu walimpita wakitoka. Wote waliongea habari ya mkamwana wa Wangwe. Hakuna aliyemwambia kitu, na hiyo ndiyo sifa ya mkalimani hodari: akishamaliza hawamwoni.

Wangwe peke yake alirudi. Alimshika mkono akasema kwa kile Kikuria chake cha sauti ya chini.

"Mwanangu, ni nani alikuambia alikuwa ameshika koti yangu?"

"Hakuna, mzee."

"Sikumwambia mtu. Hata bwana yake."

"Nilikuangalia uso tu," Kerosi alisema.

Mzee alijishika mkono wa koti. Pengine kama angemuuliza, na wewe ulitaka nini, mambo yote yangemtoka Kerosi palepale. Lakini lori la Migori lilikuwa likipiga honi, na Wangwe ana kwao. Akaenda.

Mafundi walikuja wiki iliyofuata. Baraza lilimtafutia Kerosi chumba kingine karibu na soko, kizuri tu, chenye sakafu ya simenti. Sitaki mseme alitupwa. Siku ya kuhama alikuwa ameshabeba godoro na sufuria, akarudi kwa ajili ya fimbo. Fimbo ilikuwa nyuma ya jukwaa. Alipoingia, nusu ya paa ilikuwa imeshaondoka, na jua la saa nne lilikuwa limelala juu ya mabenchi ambayo halikuwahi kuyagusa tangu yatengenezwe. Juu ya ukuta vijana wawili wa Kijaluo waling'oa misumari.

Kerosi alipanda akasimama mahali pake. Akayatazama mabenchi. Halafu akaanza kusema, na safari hii alisema Kikisii, lugha ambayo hakuwahi kuisema kwenye jukwaa lile hata siku moja, maana hapakuwahi kuwa na mtu wa kumtaka aiseme.

"Mimi ni Kerosi, mwana wa Ombui," alisema. "Sikatai mabati yaende. Yule mama alistahili. Lakini nilitaka muuache ukumbi huu, kwa sababu sina watu wengine. Mke wangu ameenda. Kanisa limenifuta. Mlikuwa ninyi tu. Nilitaka niwaambie siku ile, lakini nilikuwa nasema ya mwingine."

Alingoja, kama mtu anavyongoja mkalimani wake amalize.

Juu ya ukuta kijana mmoja aliacha nyundo. "Huyo mzee anasema nini?"

"Sijui," mwenzake akamjibu. "Ni Kikisii. Kamata huo upande mwingine, tuishushe."