Makohozi Yale Hayakuwa Yangu

Mimi ndiye mkosaji. Naanza na hilo ili usije ukanihurumia katikati ya njia. Hunijui, nami sikujui, na pengine ndiyo sababu naweza kukwambia. Majina nimebadilisha. Kosa sijalibadilisha.

Nina miaka arobaini na kitu. Nilimaliza kidato cha nne, kisha nikashindwa kutulia. Wengine huzaliwa na shamba, mimi nilizaliwa na miguu. Nimekuwa utingo wa lori, nimepakia marobota ya mitumba Gikomba na kuyashusha Busia, Kitale, hadi Lodwar. Nimefanya kibarua kiwandani Baba Dogo. Kila nifikapo naanza kukumbuka nilikotoka, na nikirudi nilikotoka naanza kuwaza barabara.

Mwaka jana nilirudi Shauri Moyo, kwenye nyumba ya kanjo, za kupanga za baraza la jiji, tulimolelewa. Mama alishatutoka. Anayeishi pale sasa ni dada yangu Njeri, anayeuza nguo za watoto sokoni, na bintiye Ciku, mdogo ambaye hata shule alikuwa hajaanza.

Jamani, yule mtoto alinipenda! Jioni Njeri akiwa jikoni, Ciku alikuwa akipanda kitandani nilipojinyoosha, analaza sikio lake kifuani pangu na kusema, "Anko, niambie ya kitambo."

Nami ya kitambo ndiyo mali yangu pekee. Namwambia tulivyokuwa tukiteleza kwa maboksi kwenye mteremko wa kwenda mtoni. Namwambia habari za mzee wa maandazi aliyepita na baiskeli kila asubuhi.

"Kengele yake ililia aje?"

"Ngri-ngri! Ngri-ngri!"

Nikiiga hiyo kengele nacheka, na nikicheka nakohoa. Kikohozi kinamrusha juu-chini kama aliye kwenye godoro la springi, naye anapiga makofi. "Tena, Anko! Tena!"

Alikuwa anaomba nikohoe tena. Bado nasikia sauti hiyo.

Sasa kuna jirani yetu, Mama Beti. Amekulia mstari huo huo wa nyumba, na siku hizi ni mhudumu wa afya wa mtaa. Anapita nyumba kwa nyumba na mkoba wake, anapima presha za wazee, anauliza nani mjamzito, nani ameacha dawa. Kuta za kwetu ni za kushirikiana. Siku moja alinishika mlangoni.

"Wewe, kikohozi chako nakisikia kuliko redio yangu."

"Ni vumbi la marobota, Mama Beti."

"Vumbi ndilo limekukondesha hadi ukatoboa tundu jipya kwenye mshipi? Usinidanganye. Nimekujua tangu ukivuta kamasi."

Hakuniacha. Alirudi na wenzake wa zahanati, nesi mmoja mwenye maneno machache na daktari kijana. Waliketi kwenye viti vyetu kama wageni wa posa. Walimpima Njeri presha, wakamtazama Ciku macho na ulimi, wakaniuliza mimi habari za jasho la usiku. Kisha nesi akatoa kikopo cha plastiki chenye kifuniko.

"Asubuhi, kabla hujala kitu," akasema. "Sitaki mate. Nataka kilichotoka chini kifuani."

"Na mkipata kitu?"

"Ikiwa ni TB utameza dawa miezi sita, hapa hapa, Mama Beti akikuona. Na huyu mdogo tutampa dawa ya kumkinga."

Ole wangu! Sikio langu liliishia kwenye "miezi sita". Maneno ya mtoto yalinipita kama upepo. Kulikuwa na lori la kwenda Lodwar, tajiri alikuwa ameniahidi nafasi, na mimi nilikuwa nimeanza kuota ile barabara ndefu. Miezi sita mahali pamoja, kila asubuhi nafungua mdomo mbele ya jirani kama kifaranga? Mimi?

Asubuhi nilitia kikopo mfukoni, nikaenda Gikomba kwa rafiki yangu Odhis, fundi seremala. Ni mtu mwenye afya ya punda. Ugonjwa wake ni mafua tu ya vumbi la mbao.

"Niaje buda," akasema.

"Poa. Nisaidie kitu. Tema hapa."

"Nini? Umeanza uganga?"

"Ni ya hospitali. Wanataka makohozi."

"Yangu? Na mimi siumwi?"

"Ndiyo maana nayataka."

Odhis alicheka hadi akaweka randa chini. "Watu hukopa pesa, wewe unakopa kifua!" Akakohoa kwa fujo, akatema, akanirudishia. Sikumwambia kuwa nyumbani kuna mtoto. Angekataa, najua.

Nikampelekea Mama Beti kile kikopo nikimtazama usoni. Hata aibu sikuona!

Majibu yalikuja safi. Mama Beti alikuja mbio kuyaleta, kanga ikimdondoka. "Mungu ni mwema! Huna! Lakini daktari anataka akuone tena, hicho kikohozi bado hakimridhishi."

"Nitakuja," nikasema.

Sikwenda. Lori lilipoondoka nilikuwa juu yake.

Nilikuwa Lodwar Njeri aliponipigia. Ciku ana homa isiyoshuka, anatapika, analala mchana kutwa. Nikasema labda ni malaria. Akapiga tena akilia: "Shingo yake imekuwa kama mti, na akiniangalia hanijui." Mama Beti ndiye aliyemwona hivyo, akambeba mgongoni hadi zahanati, na yule nesi na daktari kijana wakampakia kwenye ambulansi bila kungoja foleni.

Nilirudi. Nikawakuta kwenye korido ya hospitali, Njeri na Mama Beti, nikasimama nyuma yao na thamosi ya uji mkononi. Daktari wa wodi alisema ni TB, na imepanda hadi kwenye ubongo. Mtoto mdogo kama huyu huipata kwa mtu mzima wa karibu. Akauliza, "Nani nyumbani anakohoa?"

Njeri akajibu, "Ni ndugu yangu tu, daktari. Na yeye alipimwa. Hana. Mama Beti ni shahidi."

Mama Beti akaitikia kwa kichwa.

Dada yangu alinitetea kwa uongo wangu mwenyewe, nami nikanyamaza! Nilishika ile thamosi kama mtu aliyepewa kazi.

Ikawa mbaya zaidi mtaani. Watu wakaanza kusema kikopo changu kilichanganywa na cha mtu mwingine, kwamba hawa wa mkoba hawajui kazi. Mama Beti akibisha, milango haifunguki. Mwanamke mmoja alimpigia kelele dirishani, "Peleka vikopo vyako mbali na watoto wangu!" Wazee aliokuwa akiwapima presha wakajifanya wamelala.

Jumapili moja alikuja kwetu, akaketi, akalia. "Njeri, nisamehe. Labda ni mimi. Labda nilikichanganya kwenye mkoba."

Hapo ndipo niliposhindwa kubeba.

"Hukukosea, Mama Beti. Makohozi yale hayakuwa yangu."

Nikawaambia yote. Njeri alikuwa akikunja nguo za Ciku za kupeleka hospitali. Hakupiga kelele. Alimaliza kukunja moja, akauliza polepole, "Nikiwa jikoni, alikuwa analala wapi?"

"Nani?"

"Mtoto wangu. Kichwa chake alikuwa anakilaza wapi?"

Alijua. Alikuwa akitukuta hivyo kila jioni, akitabasamu.

Mama Beti alifuta machozi kwa kanga, akasimama. Nilidhani atanipiga kofi. Akasema tu, "Vaa viatu." Tukaenda zahanati. Safari hii nesi alisimama nyuma yangu hadi nilipotema. Na kweli, TB ilikuwepo tele. Njeri akapimwa, na Odhis pia, maana tulikuwa tunakula pamoja. Wakawa salama, kwa neema tu. Odhis hajanisemesha tangu siku ile. "Ungeniambia kuna mtoto" ndilo neno lake la mwisho kwangu.

Dawa ziliponitoa kwenye hatari ya kuambukiza, Mama Beti alinichukua mlango kwa mlango, kwa wale wote waliomfungia. Nilisema kwa kinywa changu kwamba kosa lilikuwa langu, si lake. Wengine walinisikiliza. Mwingine alitema chini mbele ya miguu yangu. Nilistahili.

Miezi sita niliyoikimbia niliimaliza hapo hapo, kila asubuhi Mama Beti amesimama mlangoni hadi nimeze. Hajawahi kunitukana. Afadhali angenitukana! Lori lilipata utingo mwingine. Miguu bado inanila, sitakudanganya, nikisikia injini kubwa usiku moyo unaondoka. Lakini siendi.

Ciku aliishi. Anatembea, anakula, anacheka. Masikio ndiyo hayakurudi. Ugonjwa uliyachukua yote mawili, hasikii kitu. Madaktari walituambia ningalitema makohozi yangu siku ile, angalianzishiwa dawa ya kukinga mapema, na pengine yasingalimpata. Hilo "pengine" ndilo ninalolala nalo.

Njeri huongea nami mambo ya lazima tu. Maji yameisha, funga mlango. Kwa muda mrefu hakutaka mtoto anikaribie, hata baada ya daktari kusema nimepona. Sikumlaumu.

Juzi jioni alimwachilia. Alikuwa jikoni, nikajua ameona, nikajua amenyamaza makusudi. Ciku akapanda kitandani kama zamani. Hakulaza sikio. Aliweka kiganja kifuani pangu, akakigonga mara mbili, akaningoja.

Nikaanza kumwambia ya kitambo. Maboksi, mteremko, mzee wa maandazi. Nikafika kwenye kengele, nikasema "ngri-ngri", naye akanitazama mdomo bila kuelewa. Akagonga tena kifua. Ndipo nilipotambua anachokitaka. Alikuwa anangoja kile kikohozi kimrushe. Ndicho anachokikumbuka kwangu.

Lakini kifua changu kimepona. Hakirushi mtu tena.

Wewe unayesoma haya ukiwa na kikohozi unachokiita vumbi, unayemwambia mtoto amwambie jirani wa mkoba kwamba hupo, nisikilize mimi niliyekuwa mjanja. Watu wale hawakuja kukufunga. Wamekuja kwa sababu ya huyo aliyelala kifuani pako. Wakibisha, fungua. Wakikupa kikopo, tema makohozi yako mwenyewe.