Shilingi Iliyopigiliwa Msumari Kauntani

Watu huniletea sarafu kibandani kwangu mjini Bukoba, ninapotengeneza saa, kwa sababu wameona kwenye simu kwamba sarafu yenye kasoro huuzwa kwa mamilioni. Nyingi zimekanyagwa na magari, zimeungua jikoni, au mtu amezisaga kwa tupa. Huwa nawaambia taratibu: kasoro ya kiwandani sarafu huzaliwa nayo, siku ile ile inapopigwa chapa. Yote mengine ni majeraha ya njiani, na majeraha hayana mnunuzi. Sikufundishwa na mtu. Nilianza na lenzi ya saa, mizani ndogo ya sonara na kitabu chakavu cha sarafu, nikawa nalinganisha moja na nyingine jioni nyumbani Nshambya, miaka mingi.

Sarafu moja tu sikuthubutu kuiomba niipime. Ilikuwa imepigiliwa msumari juu ya kaunta ya duka la vitambaa, mtaa wa pili kutoka kwangu. Shilingi ya zamani, yenye mwenge, lakini mwenge wenyewe umehamia pembeni hadi ncha ya moto imekatika, na upande mmoja wa uso huo umebaki mtupu kama mwezi mwandamo. Iliwekwa pale ili wateja waone pesa bandia ilivyo. Aliyeileta dukani alikuwa mama yangu.

Siku hiyo mimi nilikuwa mgongoni mwake, kwa hiyo ninayoyajua nimesimuliwa. Alitoka kijijini kwetu Buganguzi kununua kitambaa, akalipa kwa sarafu alizopewa sokoni alipouza ndizi. Mwenye duka, Mhindi mzee aliyekwisha kufariki, akaishika ile moja na kusema kwa sauti, "Hii umeitoa wapi? Serikali haitengenezi pesa iliyopinda." Wateja wakageuka. Akaagiza nyundo.

Habari ilifika kijijini kabla yake. Kisimani wanawake walimpokea kwa kicheko: "Mama Shilingi, leo umebeba zipi? Za serikali au za kwako?" Wakati huo ndiye aliyekuwa akitunza kisanduku cha sadaka cha jumuiya. Hakuna aliyemwambia akirudishe, alikirudisha mwenyewe. Tangu hapo hakushika sarafu. Dukani aliwatuma wengine, na kanisani sadaka yake ikawa mayai au mkungu wa ndizi, Jumapili baada ya Jumapili, hadi watoto wakadhani ndiyo desturi ya ukoo wetu.

Mtu ataniuliza kwa nini sikuipima mapema, nami nilikuwa na lenzi mfukoni. Niliogopa jibu. Ingekuwa bandia kweli, ningefanya nini na ujuzi wangu?

Mwaka huu duka lilifungwa. Mtoto wa yule mzee, naye sasa mzee wa mvi, alikuwa anahamia kwa binti yake. Akijua mimi ni mwana wa nani, alinifuata kibandani, akaweka shilingi juu ya meza yangu, msumari ukiwa umeshang'olewa.

"Fundi, niambie ukweli. Usinihurumie."

"Wewe unadhani ni nini?"

"Nadhani nimezeeka na neno hili moyoni. Siku ile, aliyempa baba nyundo ni mimi."

Nilimwomba siku mbili. Nilitafuta shilingi nzima nne za aina ile ile nikazipanga kando yake. Pesa bandia ya kumiminwa kwenye kalibu huwa na vitundu vidogo kama vya chapati, na herufi zake ni butu. Hii herufi zake zilikuwa kali. Niligeuza upande wa pili. Picha ya huko nayo ilikuwa imehama, na sehemu tupu ilikaa mahali pale pale, mgongo kwa mgongo na ile ya mbele. Mtu mwenye tupa hawezi kufanya hivyo. Tupa huacha mikwaruzo na hupunguza uzito, na hapa uzito ulikuwa karibu sawa na wa wenzake. Ukingo haukuwa na meno, maana ilipopigwa chapa ilikuwa imeteleza nje ya pete inayoishika. Ilikuwa shilingi halali. Mashine ilikosea mara moja, kisha ikaendelea na kazi.

Lilibaki tundu. Upande wa juu chuma kilikuwa kimebonyea, upande wa chini kimechomoza kama mdomo mdogo wenye makali. Hilo halikuwa la kiwandani.

Nilipomweleza, alisema, "Twende kwa mama yako."

Tulikwenda Jumamosi. Mama alikuwa uani, amekaa mkekani akichambua kahawa, kibanja, shamba letu la migomba, kimemzunguka. Alimtazama mgeni wangu kwa muda, mkono ukiendelea na kazi.

"Wewe ndiye kijana wa nyundo."

"Ndimi, mama."

"Umezeeka, waitu," alisema, kwa lile neno letu la heshima.

"Tumezeeka wote."

Nilipiga magoti, nikaiweka shilingi kiganjani mwake na kumpa lenzi. Lenzi hakuitaka. Nilianza kueleza habari za pete na za uzito, akanikatiza.

"Mimi sikusoma hayo. Ilikuwa ya serikali au haikuwa?"

"Ilikuwa ya serikali, mama. Mashine ndiyo iliyokosea."

"Na hili tundu?"

Nilifungua mdomo, lakini mzee alinitangulia. "Tundu ni letu, mama. La baba yangu na la kwangu."

Mama aliiweka shilingi juu ya mkeka, akainuka kwa kushika bega langu, akaingia ndani. Alikaa huko muda mrefu. Mzee alivua kofia akawa anaizungusha mikononi. Nilijua nyumbani kwetu mtu usiyepatana naye unaweza kumpa kiti, unaweza hata kumpa chakula, lakini humpi akamwani, zile buni zilizochemshwa ambazo mgeni hutafuna pamoja nawe. Sikumtazama mzee usoni.

Mama alirudi na kikapu kidogo chenye kifuniko. Alikifungua, akamnyooshea yeye kwanza, kabla yangu mimi mwanawe. Mzee alichukua buni mbili kwa mikono miwili. Alipouma ya kwanza alikunja uso, na mama akacheka hadi akajishika ubavu.

"Polepole! Hii haina haraka. Baba yako angekaa akatafuna kwanza, asingefika kwenye nyundo."

"Kweli, mama," alisema mzee, na hakufuta machozi.

Wakati wa kuondoka mama alinivuta kando.

"Una sarafu?"

Nilitoa zote zilizokuwa mfukoni. Alichagua ya mia mbili, yenye simba. Aliigeuza upande huu na upande huu, akapitisha kidole gumba ukingoni kote, kwa utaratibu ambao nilidhani nimeubuni mimi. Kisha akaifunga kwenye pindo la kanga, mafundo mawili.

"Ya kesho," alisema. "Mayai nitakula mwenyewe."