Nundu Niliyoifuta kwenye Mguu wa Mama Riziki

Kosa ni langu peke yangu, na nimelificha miezi saba. Jina langu msiliandike. Gisenyi tunajuana, na yule mama bado nakutana naye njiani.

Mimi ni kijana niliyejifunza kompyuta bila mwalimu, kwenye mashine ya ofisi ya mjomba wangu. Nina udhaifu mmoja: kitu kikiwa na doa dogo, situlii. Hata barua hii nimeiandika mara tisa.

Binamu yangu aliniletea kutoka chuoni nakala ya makala ya Kiingereza, nikaisoma kwa kamusi. Ilieleza namna ya kuifanya kompyuta itambue umbo kwenye picha. Unazungusha mstari kama lastiki. Mstari ni nukta zilizoungwa kwa springi. Weusi wa picha unauvuta, springi zinaukaza, na ugumu wake unauzuia kupinda ovyo. Nguvu zikilingana, mstari unatulia kwenye ukingo wa umbo. Nilipouona ukitulia mara ya kwanza, nilitokwa na machozi.

Nikautafutia kazi. Mtaa wa Mbugangari, hapa Gisenyi, kuna fundi viatu, nimwite Papa Sifa, anayewashonea watu wenye miguu iliyoumia. Mteja anakanyaga kartoni, yeye anazungusha penseli. Kabla ya kukata ngozi, humwita akanyage tena. Kartoni zake zililowa mvua kila mara, nikaahidi kumtunzia michoro ndani ya kompyuta na kumchapishia iliyo safi.

Wa kwanza alikuwa Mama Riziki, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, anayetembea na beseni kichwani mpaka Grande Barrière, mpakani pa kuvukia kwenda Goma. Mguu wake wa kushoto ulivunjika zamani.

Niliichukua kartoni yake, nikaingiza picha yake kwenye kompyuta. Kwenye kioo, mstari wangu uliacha nundu nje, karibu na kidole kidogo. Nilipoulegeza uifuate, ulifuata pia kila uchafu wa kartoni, ukatetemeka wote. Ulinichukiza. Nikaukaza. Nundu ikapotea, mguu ukawa mzuri kama wa kitabuni.

Papa Sifa alishika karatasi, akakunja uso. "Hapa pembeni nilichora kitu. Iko wapi?"

"Penseli iliteleza, Papa."

"Penseli yangu? Miaka makumi mbili haijateleza." Akacheka. "Bon, tungoje Mama arudi kutoka Goma, akanyage."

"Si lazima. Mashini imeshapima."

"Haya. We ndiye injenieri."

Akakata.

Wiki mbili baadaye Mama Riziki aliingia akichechemea. "Injenieri, hii kiatu inanikula pembeni."

"Ngozi iko mupya, Mama. Itazoea muguu."

"Ao muguu ndiyo itazoea kiatu?"

Wote wakacheka, hata mimi. Papa Sifa akaniomba ile kartoni alinganishe. Nikamwambia ililowa, niliitupa.

Ilikuwa nyumbani, chini ya godoro. Nilikimbia kuitoa, nikaweka mchoro wangu juu yake. Nundu ilitokeza nje kwa upana wa kidole. Mkono wa mzee haukuteleza. Ule ulikuwa mfupa.

Siku hiyo kiatu kingeweza kufunguliwa na kushonwa upya. Ilitosha niseme sentensi moja tu. Nilinyamaza, kwa sababu kila mtu Mbugangari alikuwa ameanza kuniita injenieri.

Naye hakuwa na viatu vingine. Alivitembelea wiki tatu zaidi, kidonda kikaoza. Hospitalini walimkata kidole kidogo.

Nilikwenda kumwona na sukari na sabuni. Alinikalisha kitandani pake, akanishika mkono.

"Unisamehe, mutoto yangu. Umefanya kazi muzuri, muguu yangu mubaya ndiyo iliharibia kiatu yako."

Nami, Mungu wangu, nilimjibu: "Haina shida, Mama."

Nilimsamehe! Mimi, yeye! Tangu siku ile sijagusa mashine. Kila akiniona ananisalimia kwa heshima, na ile heshima inanichoma kuliko tusi.

Ndugu unayejifunza peke yako kama mimi, ukiona mstari wako unapendeza kuliko kitu chenyewe, uogope. Usiukaze. Mwite mwenye mguu akanyage tena. Na ukishakosea, sema siku hiyohiyo, kabla aliyeumia hajaanza kukuomba msamaha. Akishakuomba, ukweli unakuwa mzito mdomoni. Mimi mpaka leo nimeweza kuwaambia ninyi nisiowajua. Yeye bado.