Visahani Sita Visivyo na Kiongozi

Marehemu shangazi alikuwa fundi wa maabara kwa miaka ishirini na mmoja, na kazi yake ilikuwa kulisha seli. Kila asubuhi alisali kwa kifupi mbele ya kabati la joto, akavitoa visahani vyenye seli hizo, akabadilisha maji yenye chakula, akavirudisha. Wenzake walimwita Mama Visahani.

Seli zile zilikuwa zimeundwa ili zijipange zenyewe kwa madoa, kama ngozi ya chui. Bosi wake, kijana msomi, alikuwa na modeli ya kompyuta iliyodai kwamba madoa hutokea kwa amri ya kundi moja la seli, "kiongozi", linalopandwa katikati ya kisahani. Shangazi alikataa. Kwenye darubini aliona madoa yakianzia pembeni, mbali kabisa na huyo kiongozi.

"Mama, wewe zilishe tu. Kufikiri niachie mimi," bosi alimtania.

"Sawa, baba. Wewe umefikiri, mimi nimeona."

Jumatatu moja, visahani sita hakuviwekea kiongozi. Akaandika hivyo kwenye vifuniko kwa kalamu nyekundu, kisha akaenda kumwambia bosi mwenyewe.

"Nani kakuruhusu? Vitupe sasa hivi!"

Shangazi akaegemeza mgongo kwenye mlango wa kabati. "Sivitupi. Nipe siku tatu. Visipotoa madoa, navitupa mwenyewe, na koti langu la kazi naliacha kwenye msumari ule. Hutaniona tena."

"Kwa hiyo seli zako zinapiga umbea tu, bila mkubwa?"

"Zinaulizana na jirani. Aliyeziumba hakuzinyima mdomo."

 Siku tatu hizo nyumbani aliomba sana, ila hakuomba msamaha.

Alhamisi bosi aliinamia darubini mwenyewe. Kisahani cha kwanza, madoa. Cha pili, madoa. Alipomaliza cha sita, akajikuna shingo.

"Labda ulisahau, ukaviwekea kiongozi."

"Basi panda wewe vingine, bila kiongozi, kwa mkono wako. Mimi nakaa pale, nimekunja mikono."

Bosi akapanda. Yakatoka madoa yaleyale, na modeli ikaandikwa upya.

Shangazi alilivaa koti lile miaka saba mingine, hadi Mungu alipomwita. Siku ya mazishi bosi alilileta nyumbani, limefuliwa na kupigwa pasi. Familia ikamwambia alirudishe kwenye msumari wake, likae palepale. Mwenyewe hakuliacha kwa kushindwa.