Askari Ishirini Wasio na Majina

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka siwezi kukaa. Hata leo, mwalimu mstaafu mwenye magoti mabovu, ikinijia nikiwa nakunywa chai hapa kwangu Mvara, naiacha chai ipoe, naanza kuzunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Jirani huniuliza juu ya ua, "Mwalimu, iko nini?" Nasema ni magoti. Si magoti.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Kwetu ni Koboko, kwa Wanubi, wajukuu wa wale askari wa Kisudani ambao Waingereza waliwaandikisha katika jeshi lao. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na mama yake, na bibi kwetu tunamwita haboba. Haboba alikuwa fundi wa kusuka makawa ya kufunikia chakula, yenye rangi za kupofusha macho. Kiingereza hakujua hata neno moja. Lakini wajomba waliposema msichana amesoma vya kutosha, yeye ndiye aliyefunga sanduku langu akanipandisha kwenye lori la kwenda Arua, shule ya bweni.

Shuleni kulikuwa na kabati la vitabu vilivyoachwa na mwalimu mmoja Mwingereza aliyerudi kwao. Karibu vyote vilikuwa riwaya za Waingereza waliokuja kutawala Afrika, au waliotamani kuja. Ndani yake kulikuwa na kijana mwenye suruali ya kaki, hema, mto wenye mamba, ngoma za mbali, na nchi kubwa iliyokuwa kama imelala ikimsubiri yeye aiamshe. Na vilikuwa vitamu, mwanangu, nisikudanganye. Nilivisoma hadi nikawa natembea kama bwana shauri, yule mkuu wa Kizungu wa wilaya, mikono nyuma, nikiikagua miti ya shule. Katika vitabu vile watu weusi walikuwepo wengi, lakini kama vumbi linavyokuwepo njiani. Sikuliona hilo. Nilipokuwa nikisoma, sikuwa upande wa vumbi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mwalimu wetu wa Kiingereza, Mwalimu Andama, alitangaza shindano: kila mwanafunzi aandike hadithi ya nchi hii. Niliandika kwa siku tatu bila kutulia. Nikamwandika Kapteni Wilbert, aliyepanda kutoka mto Nili kwenda nchi ya Koboko na farasi aliyeitwa Sultani, mbwa aliyeitwa Bruno, na askari weusi ishirini. Askari wakaogopa mizimu, wakataka kukimbia. Kapteni akawatuliza kwa fimbo yake ya kutembelea tu. Kisha nikahitaji mtu wa kuchekwa. Hadithi za namna ile hazikosi mtu wa kuchekwa. Nikaweka bikizee mchawi mwenye pengo la meno ya mbele, aliyechoma ubani na kuinamia birika jeusi la udongo akinong'ona. Pengo lile nalijua. Birika lile nilinyweshwa kahawa yake tangu utotoni. Sikwenda mbali kumtafuta mchawi, mwanangu, nilimtoa nyumbani.

Nikashinda. Zawadi ilikuwa kamusi, na heshima ya kuisoma hadithi mbele ya watu siku ya wazazi. Haboba alikuja kutoka Koboko na kitenge kipya, akaketi mstari wa mbele kabisa, mgongo wima.

Nilisoma kwa sauti ya Kapteni. Nilipofika kwa yule bikizee, ukumbi mzima ukacheka. Nikainua macho. Haboba naye alikuwa akicheka, mkono mdomoni kuficha pengo lake, akiwageukia waliokaa pembeni yake kama anayesema: huyu ni wangu.

Hapo ndipo miguu yangu ilipoanza kukosa utulivu. Nilimaliza kusoma, sijui vipi. Nje, kwenye majani, akanishika mkono.

"Sasa ambia mimi. Hadithi inasema nini?"

"Ni habari ya safari tu, Haboba."

"Na pale watu walicheka?"

Ulimi hauna mfupa. "Mbuzi," nikasema. "Mbuzi alikula kofia ya Mzungu."

Akacheka upya, safari hii kwa raha kabisa, akanibariki, akapanda gari.

Likizo ilipofika nikarudi Koboko, na mbuzi alikuwa amefika kabla yangu. Mtaa mzima ulikuwa na habari zake. Siku ya pili tu, baada ya sala ya alasiri, Haboba alitandika mikeka sebuleni, akachoma ubani, akaita majirani waje kunywa kahawa na kusikia mjukuu wake akisoma hadithi iliyoshinda, kwa maneno yetu. Miongoni mwao alikuwa Mzee Rajabu, sajini mstaafu aliyetumikia jeshi la mfalme wa Uingereza. Kiingereza alikijua vizuri. Alikipata kwa kufokewa.

Nilijidai nina kikohozi. Mzee Rajabu akanyoosha mkono.

"Leta hapa. Macho yangu bado iko."

Akasoma kimya, midomo ikichezacheza. Watu walikunywa kahawa. Mimi nilisimama mlangoni nikitazama barabara, nikihesabu ni nyumba ngapi hadi stendi. Alipomaliza akaweka karatasi juu ya goti.

"Mbuzi iko wapi?" akauliza.

Nikazidi kuitazama barabara.

"Huyu Mzungu iko na jina," akasema, taratibu, bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Farasi yake iko na jina. Mbwa yake, jina. Hapa naona askari ishirini. Jina yao iko wapi? Hata moja tu?"

Haboba alikuwa anamimina kahawa. Akasimamisha birika hewani. "Rajabu, nini iko ndani ya hiyo karatasi?"

"Mtoto atasoma mwenyewe," Mzee Rajabu akasema, akanirudishia.

"Soma," Haboba akaniambia. "Yote. Usiache kitu."

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Siku ile, mjukuu nilikuwa mimi. Nilisoma nikigeuza sentensi moja moja kwa lugha yetu, na mambo yaliyong'aa kwa Kiingereza yalitoka kinywani mwangu kama matapishi. Nilipofika kwenye pengo, kwenye ubani, kwenye birika, hapakuwa na aliyecheka. Nilisoma hadi mwisho, kwa sababu aliniambia nisiache kitu.

Haboba akaweka birika chini. "Basi siku ile," akasema, "mimi nalikuwa nacheka mimi mwenyewe."

Akainuka akaingia chumbani, akaacha wageni wamekaa. Jambo hilo hakuwahi kulifanya maisha yake yote.

Nikakimbilia jiko la mkaa nizitie karatasi. Mzee Rajabu, mzee yule wa miguu mizito, alinifikia kabla sijafungua mkono. Akanishika kiganja.

"Ukichoma, wewe peke yako utapona," akasema. "Sikia. Baba ya haboba yako alikuwa askari ya namna hii. Jina yake Farajala. Alibeba Mzungu juu ya bega kuvuka mto, na kifua yake ikaharibika na hiyo maji, akakohoa mpaka kufa. Ndiyo maana nauliza jina."

Nililia. Nilidhani amemaliza. Hakuwa amemaliza.

"Lakini usitufanye malaika. Kule Adumi watu walikataa kazi ya barabara, na vihenge yao ya chakula ikachomwa. Mzungu alikaa kwa hema yake. Moto, sisi ndiyo tulishika. Baba zetu. Kama unaandika, andika na hiyo."

Likizo ile sikuketi. Nilitembea nyumba kwa nyumba Koboko nikitafuta majina ya askari wa zamani, nikifukuzwa hapa, nikikaribishwa pale. Nilipata kumi na moja. Kisha nikapanda gari hadi Adumi, nikamkuta bibi mmoja Mlugbara, wa kabila la wenyeji wa kule, ambaye niliambiwa anakumbuka moto. Alinikaribisha vizuri mpaka aliponiuliza kwetu ni wapi na babu zangu walikuwa nani. Nikamwambia. Akaniletea maji, akasubiri ninywe, akachukua kikombe, akaingia ndani. Nilikaa nje hadi jua likageuka. Hakutoka. Simlaumu, na mpaka leo sijui aliona nini.

Siku zote hizo Haboba alinipa chakula bila kunisemesha. Jioni moja nikaketi karibu naye alipokuwa anasuka, nikaanza kumsomea yale majina. Kwenye jina la tatu akanikatiza: "Hapana, huyo alikuwa Mabruki, siyo Mubaraka. Andika sawa." Nikaandika sawa. Nilipofika kwa Farajala, mikono yake ikasimama. "Soma tena," akasema. Nikasoma tena, mara nne, mara tano, hadi akarudia kusuka.

Niliporudi shuleni nilimwekea Mwalimu Andama majina yale mezani, nikamuuliza kwa nini alinipa zawadi. Alikuwa Mlugbara, mtoto wa Adumi. Alivua miwani akaifuta muda mrefu. "Kwa sababu uliandika kama wao," akasema. "Na mimi nilifundishwa kwamba kuandika vizuri ni kuandika kama wao." Akageukia dirishani. Tangu siku hiyo alitusomesha vitabu vile kwa namna nyingine, na mimi baadaye nikafanya vivyo hivyo kwa miaka yangu yote ya ualimu. Nikawaambia wanafunzi: mtoto wa Uingereza alisoma riwaya hizi akiwa mdogo, akakua akiamini kuna nchi inamsubiri. Akaja na bunduki. Akarudi kwao akiwa mzee, akaandika riwaya nyingine. Ndivyo kalamu na bunduki zilivyokuwa zikitumana.

Haboba alinisamehe. Aliniambia kwa mdomo wake. Lakini hakukanyaga tena shule yangu. Nilipohitimu chuo cha ualimu nilimwekea kiti mbele, na sherehe ikaisha kikiwa kitupu. Kusamehe ni jambo moja, mwanangu. Kuketi tena mstari wa mbele ni jingine. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa nikuambie kwa nini nimekuita. Juzi ulinionyesha kwenye simu hadithi unayotaka kuipeleka kwenye mashindano ya ng'ambo. Umeandika vizuri kuliko mimi wa umri wako. Lakini yumo mama mkimbizi wa sokoni, ana njaa, ana machozi, ana watoto watano, na hana jina. Mwandishi wa habari mgeni aliyempiga picha ana jina. Nilisoma, nikainuka, nikazunguka ua hadi ukadhani nimekasirika. Sikukasirika. Niliogopa.

Basi shika haya. Visome vitabu vya watawala, usivichome. Adui wa akili yako ni kile ulichokisoma bila kukiuliza swali. Kila ukurasa uulize: nani ana jina, nani hana, na nani angecheka kama angesomewa? Watu wako usiwafanye mizimu, wala usiwafanye malaika. Waandike na moto waliowasha. Na kabla hujawasomea wageni hadithi ya mtu, nenda ukamsomee yeye kwanza, kwa lugha yake, mkitazamana usoni. Kama ulimi utakuwa mzito, rudi nyumbani ukaandike upya. Yule mama yupo sokoni leo. Nenda ukamuulize anaitwa nani.

Mwenyezi Mungu aipe kalamu yako macho, na moyo wako haya. Akujaalie wasomaji wa mbali, na asikunyime wa karibu. Na wale utakaowaandika waje kwa miguu yao kukusikiliza, waketi mbele, na wakicheka, wawe wanajua wanacheka nini. Amina, mwanangu. Haya, inuka, soko halijafungwa.