Siku ya Wakaguzi Alikuwa Nje

Karatasi ya sifa ililetwa nyumbani na mjukuu wangu, imekunjwa ndani ya daftari, na mama yake akanisomea tukiwa jikoni. Ilisema wakaguzi kutoka nje walikaa siku mbili kwenye ile shule mpya ya hapa Ruiru, wakaingia kila darasa, wakaona ni shule nzuri. Kilichowafurahisha zaidi, ati, ni kwamba kila mtoto anafundishwa kwa njia yake na kwa mwendo wake.

Binti yangu alicheka mpaka jino la mwisho. Mimi niliendelea kusonga ugali.

"Mum, si hata wewe ufurahi kidogo," akasema.

Nikamwambia mtu akisifiwa na wageni, ngoja kwanza wageni waende.

Nilifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha nguo kule Thika, tangu nilipotoka kwetu magharibi nikiwa msichana. Siku wageni wa kukagua wakija tulipewa barakoa mpya na glavu, na sisi tuliosimama kutwa tukaletewa viti. Wageni wanaandika, wanatikisa vichwa. Gari lao likishatoka geti, supervaiza anapita na gunia: barakoa ndani, glavu ndani. Viti vinarudi ofisini. Kwa hivyo mimi nikisikia neno ukaguzi, naliona lile gunia.

Lakini gunia si kitu. Kilichoninyima usingizi ni mtoto. Alikuwa gredi ya tatu na sikuwa nimemsikia akisoma hata mstari mmoja. Shule ya kwanza, kule Thika, walisema ni mzito wakamkaririsha darasa, ndiyo maana mama yake akamleta hii mpya. Mwaka mzima umepita. Kila nikiweka kitabu mezani nikimwambia soma, anaangalia vidole vyake. Nilikuwa nimeshaamua: muhula ukiisha hajasoma, namrudisha Thika kwa mwalimu mmoja mzee ninayemjua, asiyecheka na mtoto. Mama yake alijua nikisema nimesema.

Jioni ile nikamuuliza mtoto, wageni walipokuja darasani kwenu, wewe uliwasomea nini?

"Sikuwa darasani, kukhu." Kwetu nyanya ni kukhu.

"Ulikuwa wapi?"

"Nje, bustanini. Nilikuwa namwagilia sukuma."

Mimi nilifika darasa la tatu tu. Tulikuwa wengi, tunaimba ba be bi bo bu kwa pamoja, na asiyejua anafungua mdomo na wenzake. Siku inspekta alipokuja, mwalimu alituchagua sisi wa nyuma, akatupa ndoo, akatutuma mtoni. Tuliporudi inspekta alikuwa ameenda na shule imesifiwa. Hakuna aliyenieleza kwa nini mimi, na sikuhitaji kuelezwa. Kusoma Kiswahili nilijifunza ukubwani, kanisani, herufi moja moja, kama mtu anayechambua mchele.

Basi hiyo ndiyo njia yake na mwendo wake, nikajiambia. Wengine wana njia ya kitabu, wangu ana njia ya ndoo.

Nilingoja wiki mbili ili sifa zipoe. Jumanne moja nikafunga kitambaa kichwani, nikaenda bila kumwambia mtu. Kijana wa geti akaniuliza kama nina apointimenti. Nikamuuliza, kwani shule ikisifiwa huonekana kwa apointimenti? Akacheka, akaandika jina langu kwenye daftari lake.

"Ingia, shosho. Lakini nikiulizwa, nitasema ulinipita mbio."

Nina goti bovu, na alikuwa ameliona.

Nilisimama dirishani kwanza, nikitafuta ni nini kingekuwa kimeingia guniani. Ukutani kulikuwa na mifuko ya kitambaa, mmoja kwa kila mtoto, na kadi zake ndani. Kulikuwa na vifuniko vya soda vilivyoandikwa herufi. Vyote vimechakaa kwa kushikwashikwa, vingine vimegundishwa mara ya pili, na kitu cha kuonyesha wageni hakichakai hivyo. Hilo nililiona, lakini sikulipa uzito, kwa sababu nilikuwa nimemwona wangu. Wenzake wameketi, yeye amesimama peke yake kwenye kona, mbele ya meza ndefu.

Mwalimu, mdogo hata kwa binti yangu, akatoka mlangoni. Sikumsalimia vizuri, nakiri.

"Mwalimu, mbona siku ya wakaguzi mlimficha mtoto wangu nje?"

Hakukasirika. Alisema mtoto huyu akiketi maneno yanamkimbia, akisimama au akitembea yanatulia. Ndiyo sababu ya meza ile, na ndiyo sababu husomea pia bustanini, penye vibao vya mboga alivyoandika mwenyewe. Mkaguzi mmoja alimfuata huko nje, akasomewa vyote, kuanzia sukuma mpaka dania.

Maneno matamu hata supervaiza alikuwa nayo. Nikamwambia vibao ameviandika yeye, atakosaje kuvijua? Mpe kitu ambacho hajawahi kuona.

Mwalimu alifikiri kidogo, kisha akatoa faili la mtoto. Kila wiki huandika humo habari zake, kwa Kiswahili chepesi ili watu wa nyumbani wasome, na ukurasa wa mwisho mtoto alikuwa bado hajauona. Akamwekea kwenye ile meza ndefu. Mimi nikasimama kando.

Mtoto akasoma. Polepole, sauti nyembamba, kidole chini ya kila neno. Wiki hii amemaliza hadithi ya kobe. Amemsaidia mwenzake kupanda vitunguu. Nilikuwa nakifuata kile kidole kwa macho. Katikati ya ukurasa kikaruka. Kikapita mstari mzima, kikatua chini yake, naye akaendelea na habari za vitunguu.

Nikakishika, nikakirudisha.

"Na hapa?"

Akainamisha macho kwenye viatu. Nikasoma mwenyewe, herufi kwa herufi. Ilinichukua muda na hakuna aliyenisaidia. Mstari ulisema: Nyumbani hasomi kwa sauti kwa sababu anamwogopa nyanya yake.

Mwalimu alisema taratibu kwamba aliuandika akijua siku moja nitakuja. Nilikuwa nafikiria kile kidole. Mtoto asiyejua kusoma angeukanyaga mstari huo kama mingine, bila kujua amekanyaga nini. Huyu aliuona, akausoma wote kimya, akaamua mimi nisiusikie. Hilo hakuna mwalimu angemfundisha kwa ajili ya wageni.

"Kwa nini uliruka?"

"Ungekasirika, kukhu."

Na kweli nilikuwa nimekasirika, ila si naye.

Thika sikumrudisha. Karatasi ya wale wakaguzi bado siiamini sana, wao walikaa siku mbili tu. Mimi nimerudi pale dirishani mara tatu bila kusema, na mifuko bado iko ukutani. Nitarudi tena.

Nyumbani nimebadilisha jambo moja. Jioni nikikata mboga nampa mtoto mgongo. Anatembea na kitabu chake, kutoka mlangoni mpaka kwenye mtungi wa maji na kurudi, anasoma. Akikosea nakaza shingo nisigeuke, na kazi hiyo ni ngumu kuliko ya kiwandani. Binti yangu hunikuta hivyo akitoka kazini kule Kamakis, akaziba mdomo asicheke.

Jana mtu wa kwenye hadithi alifika sokoni kabla hajatoka nyumbani kwake. Nikajua kuna mstari umerukwa.

"Rudi nyuma kidogo," nikasema, macho kwenye sukuma.

Akarudi, akausoma.