Jerotich Anajifunza Kukalia Mikono

Saa moja asubuhi, katika jiko dogo huko Doonside, magharibi mwa Sydney, Jerotich amekalia mikono yake. Ameikalia kwelikweli, kama mtoto aliyekatazwa kugusa keki. Yuko kazini.

Mbele yake Abigail, mwenye miaka 27, anapika chai ya maziwa. Nusu ya majani yamemwagika mezani, naye anayazoa taratibu. Ni Julai, baridi inang'ata masikio, lakini Jerotich anatoka jasho.

"Usiinuke, anti," Abigail anasema bila kugeuka.

"Nimeinuka wapi?"

"Kiti kimelia."

Abigail alizaliwa na ulemavu wa akili. Kwa miaka minne, kampuni moja ndiyo iliyopanga nani amhudumie, saa ngapi, hata ale nini. Jerotich, mama wa watoto wawili kutoka Eldoret, aliletwa na ratiba hiyo.

Mwaka huu Abigail, akisaidiwa na mama yake, Gakii, aliamua kuisimamia mwenyewe pesa ya huduma anayopewa na serikali, na kujichagulia wafanyakazi. Akawaita watu watatu kwenye mahojiano. Jerotich alikuwa wa mwisho.

"Nilienda nikitabasamu," anakumbuka. "Mimi ndiye niliyemfunga viatu, nikampakia mkate siagi. Nani angeniweza?"

Mtihani ulikuwa mmoja: keti, Abigail apike chai.

Maziwa yakapanda. Kwa mujibu wa Jerotich, yalipanda kama yanawahi ndege ya Nairobi. Kwao, mtu mzima kukaa tu akimtazama mwenzake akihangaika na sufuria ni aibu ya kusimuliwa kwenye harusi tatu. Akaruka, akazima jiko.

"Umefeli," Abigail akamwambia.

Jerotich alilia hadi kituo cha treni. Zile saa 24 za kazi kwa Abigail kila wiki ndizo zilizokuwa zikimlipia kodi ya nyumba. "Lakini si kodi iliyoniliza," anasema. "Nilijiuliza, miaka yote hii nimekuwa nikimfunga viatu, au nimemfunga miguu?"

Siku ya tatu Abigail akampigia simu kumrudisha kazini. Wale wengine wawili walikaa vizuri sana, kumbe walikuwa wakitazama simu zao huku maziwa yakifurika.

"Hawakuogopa," Abigail anaeleza. "Anti aliogopa. Mimi nataka mtu wa kuogopa, lakini akae."

Na leo amekaa. Maziwa yanapanda. Jerotich anafumba jicho moja. Abigail anapunguza moto, anapuliza povu, na tone moja tu linaangukia jiko. Anamimina vikombe viwili, sukari vijiko sita kila kimoja. Jerotich anakunywa chote, hadi majani ya chini.

Mwezi ujao Abigail anaanza kazi ya siku mbili kwa wiki, kufungasha mishumaa huko Seven Hills. Anataka kwenda kwa treni peke yake. Ni vituo viwili tu, ambavyo Jerotich anavisimulia kama safari ya kwenda mwezini.

"Nitakaa behewa la mwisho," Jerotich anabembeleza. "Siku ya kwanza tu, mama."

Abigail anafikiria, anakoroga chai.

"Sawa. Lakini usinipungie mkono."

"Mikono nitaikalia," Jerotich anajibu.